Kura za Ndiyo na Hapana Marekani: jinsi ya kutumia misimamo ya makundi ya mazingira bila kupotezwa

Karatasi ya kura ya Marekani haiishii kwenye majina ya wagombea. Ukifika chini, au ukiigeuza upande wa pili, unakuta maswali. Je, jimbo likope dola bilioni 10 kwa ajili ya maji na misitu? Sheria ya kupunguza gesi joto ifutwe? Njia ya umeme inayokata msitu ipigwe marufuku? Maswali haya yameandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, na wengi wetu tunaozungumza Kiswahili nyumbani, tuwe Minneapolis, Houston, Seattle au Portland ya Maine, huyaruka au hukisia.

Waliopiga kura Kenya wanakumbuka ndizi na chungwa mwaka 2005, kisha kijani na nyekundu mwaka 2010: swali moja, alama mbili. Huku hakuna alama, na maswali ni mengi. Mwaka 2016 wapiga kura wa California walikutana na maswali 17 ya jimbo zima katika karatasi moja. Tena sheria ya taifa inayolazimisha karatasi za kura zitafsiriwe inahusu Kihispania, lugha za Asia na lugha za wenyeji wa asili wa Marekani na Alaska. Lugha za Afrika hazimo.

Ndiyo maana orodha za misimamo zinazotolewa na makundi ya mazingira kabla ya uchaguzi ni msaada mkubwa. Kundi lenye wanasheria na wanasayansi limeshasoma kurasa zote na kuandika "Ndiyo" au "Hapana" mbele ya kila swali. Lakini neno hilo peke yake halitoshi. Sababu iliyoandikwa chini yake ndiyo yenye thamani, na mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuifikia.

Hatua ya 1: Hakikisha kura ni yako

Kura za jimbo ni za raia tu. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu asijiandikishe wala asipige kura, hata akipewa fomu ya kujiandikisha katika ofisi ya leseni za udereva, hata kama aliyempa anasema hakuna shida. Kosa hilo linaweza kumharibia maombi ya uraia, na linaweza kumfukuzisha nchini. Kama hujaapishwa kuwa raia, unaweza kuwasaidia wenzako kuelewa maswali, na kazi hiyo nayo ni kubwa.

Hatua ya 2: Jua swali limetoka wapi

Maswali huja kwa njia tatu kuu. Bunge la jimbo linaweza kulipeleka jambo kwa wananchi. Katika majimbo yote isipokuwa Delaware, marekebisho ya katiba ya jimbo hayapiti bila wapiga kura. Njia ya pili ni wananchi wenyewe, au kampuni yenye fedha za kuwalipa wakusanya sahihi, kuandika sheria na kuipeleka moja kwa moja kwenye kura. Karibu nusu ya majimbo yanaruhusu hivyo. Texas na Minnesota hayamo. Ya tatu ni kura ya kupinga sheria ambayo bunge limeshaipitisha: sahihi zikitosha, sheria husimamishwa mpaka wananchi waamue.

Chanzo kinakueleza mengi. Pendekezo lililotoka bungeni kwa kawaida limepita mikononi mwa kamati na wapinzani. Lililotoka kwa mkusanya sahihi limeandikwa na upande mmoja, kila nukta. Simaanishi kwamba la pili ni baya. Baadhi ya sheria bora za mazingira Marekani zilizaliwa hivyo. Ila lisomwe kwa makini zaidi.

Hatua ya 3: Tafuta msimamo wa tawi la jimbo lako

Sierra Club, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1892 na John Muir pamoja na wenzake, ina matawi katika majimbo, na matawi ndiyo yanayotoa misimamo ya kura za jimbo. Msimamo wa tawi la California haukusaidii ukiwa Texas. Yapo pia makundi ya jimbo moja tu, kama Natural Resources Council of Maine au Californians Against Waste, ambayo mara nyingi yanalijua jambo kwa undani kuliko makundi makubwa ya kitaifa.

Hakikisha orodha ni ya mwaka huu. Namba za mapendekezo hurudiwa, hasa California, na orodha ya zamani inaweza kukuambia "Ndiyo" kwa namba ambayo leo ni swali jingine kabisa.

Watu huuliza kama shirika la hisani, au hata kanisa na msikiti, lina ruhusa ya kusema "pigeni Ndiyo". Lina ruhusa. Sheria ya kodi ya Marekani inayakataza mashirika ya hisani kumuunga mkono mgombea, lakini kura ya pendekezo huhesabiwa kama ushawishi juu ya sheria, na hilo linaruhusiwa kwa kiasi. Kwa hiyo ukiona kundi limetoa msimamo juu ya maswali na limenyamaza juu ya wagombea, usidhani linaficha kitu.

Hatua ya 4: Pindua Ndiyo na Hapana mpaka uelewe

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Mwaka 2024, jimbo la Washington liliuliza kuhusu pendekezo namba 2117. Maneno kwenye karatasi, kwa Kiswahili, yalikuwa hivi: pendekezo litazikataza idara za jimbo kulazimisha aina yoyote ya biashara ya vibali vya kodi ya kaboni, na litafuta sheria iliyoanzisha mpango wa kuweka kikomo na kupunguza gesi joto. Kisha: je, lipitishwe kuwa sheria? Anayejali mazingira akisoma haraka anaona "kaboni", anaona "kupunguza gesi joto", na mkono unaelekea kwenye Ndiyo. Lakini kitenzi kinachobeba sentensi ni "litafuta". Ndiyo ilikuwa inaua sheria ya tabianchi ya mwaka 2021. Hapana ilikuwa inailinda. Makundi ya mazingira yakasema Hapana, na asilimia 62 hivi ya wapiga kura wakasema hivyohivyo.

California mwaka 2016 ilikuwa kinyume chake. Bunge lilikuwa limepiga marufuku mifuko myepesi ya plastiki madukani mwaka 2014. Watengenezaji wa mifuko wakakusanya sahihi kuipinga sheria, swali likaja kama pendekezo namba 67. Walioleta kura walikuwa maadui wa marufuku, lakini swali lilikuwa kama sheria ibaki. Ndiyo ikawa kura ya mazingira, ikashinda kwa asilimia 53 hivi.

Kwa hiyo chukua kalamu na uandike sentensi mbili kwa Kiswahili, kwa mkono wako, kwa kila swali: "Nikipiga Ndiyo, kesho asubuhi kitakachobadilika ni..." na "Nikipiga Hapana, kitakachobaki ni...". Ukishindwa kuzimaliza, hujalielewa swali bado, na msimamo wa kundi lolote haujawa na maana kwako.

Unapoandika, tafuta kwanza vitenzi: kufuta, kukataza, kuongeza, kuidhinisha, kuendeleza. Nomino nzuri nzuri ziache baadaye. Washington wana msaada wa ziada: sheria ya mwaka 2022 inalazimisha maswali ya aina fulani kubeba sentensi ya kueleza fedha za umma zitakazoguswa. Ndiyo maana chini ya swali la 2117 kulikuwa na mstari unaosema litapunguza fedha za usafiri, hewa safi, nishati jadidifu, uhifadhi na kupunguza gesi chafu. Mstari huo mmoja ulikuwa na faida kuliko matangazo yote ya televisheni.

Hatua ya 5: Fuata fedha

Jina la kampeni linaweza kuwa la kijani hali mfuko unaolipa ni mweusi kwa mafuta. Mwaka 2010 California ilikuwa na pendekezo namba 23, ambalo wenyewe waliliita mpango wa ajira. Lilitaka kuisimamisha sheria ya tabianchi ya jimbo mpaka ukosefu wa ajira ushuke hadi asilimia 5.5 na kubaki hapo kwa robo nne mfululizo za mwaka. Wafadhili wakuu walikuwa Valero na Tesoro, kampuni mbili za kusafisha mafuta zenye makao Texas. Lilikataliwa kwa zaidi ya asilimia 60.

Rudi kwenye mifuko ya 2016. Pamoja na namba 67, kulikuwa na namba 65, iliyotaka fedha ambazo maduka yanapata kwa kuuza mifuko ziende kwenye mfuko wa mazingira. Linasikika zuri sana. Waliolipia ni watengenezaji walewale wa mifuko ya plastiki, na mapendekezo mawili yanayofanana katika karatasi moja yalikuwa yanawachanganya wapiga kura. Namba 65 lilishindwa.

Florida mwaka huohuo walikuwa na marekebisho ya katiba namba 1 kuhusu umeme wa jua, yenye kichwa kinachotaja haki za watumiaji. Kampuni za umeme ziliingiza zaidi ya dola milioni 20. Makundi ya mazingira yalipiga kelele kwamba maneno yale yangefungua mlango wa kuwaumiza wenye paneli juu ya mapaa yao. Ndiyo ilipata nusu na kidogo, lakini Florida inataka asilimia 60, likaanguka.

Kila jimbo lina ofisi inayopokea taarifa za michango ya kampeni. Washington ni Public Disclosure Commission, iliyozaliwa kwa kura ya wananchi mwaka 1972. Maine kuna tume ya maadili. Ingia kwenye tovuti yao, andika namba ya pendekezo, angalia majina matatu ya juu kila upande. Kwenye matangazo ya California wafadhili wakubwa lazima watajwe, kwa maandishi ambayo wengi hatuyatazami. Yatazame. Na angalia pande zote mbili: fedha nyingi si ushahidi wa ubaya, na upande unaoupenda nao una wafadhili.

Hatua ya 6: Makundi ya mazingira yanapogawanyika, soma yote mawili

Kwangu hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote. Makundi yote yakikubaliana, kazi ni rahisi. Yakigawanyika, ujue kuna jambo la kweli linalobishaniwa, na hapo ndipo maoni yako kama mkazi yana uzito.

Mfano wa kwanza ni Maine, Novemba 2021. Kampuni ya umeme ya Central Maine Power ilikuwa inajenga njia ya umeme ya kilomita 233 hivi, kutoka mpaka wa Quebec hadi Lewiston, mji ambao familia nyingi za Wasomali na Wakongo wamehamia. Umeme, megawati 1,200 za maporomoko ya Canada, ulikuwa unaelekea Massachusetts. Kilomita 85 hivi zingekatwa upya katika msitu. Swali lilikuwa sentensi moja ndefu iliyobeba mambo matatu: kupiga marufuku njia kubwa za umeme katika eneo la juu la mto Kennebec, kulazimisha bunge liidhinishe nyingine popote jimboni, yote mawili kwa kurudi nyuma hadi 2020 (yaani sheria iguse hata miradi iliyoanza kabla ya kura), na kutaka theluthi mbili za bunge kwa njia zinazopita ardhi ya umma, kwa kurudi nyuma hadi 2014.

Natural Resources Council of Maine na tawi la Sierra Club walisimama upande wa kupiga marufuku, wakitetea msitu na mito ya samaki, wakitilia shaka kama tabianchi ingefaidika kweli. Conservation Law Foundation na Acadia Center, nao watu wa mazingira, walikuwa wameukubali mradi mwaka 2019, kwa hoja kwamba New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki ikiwemo Maine, inachoma gesi nyingi na inahitaji umeme safi haraka. Kwenye fedha, Hydro-Québec, kampuni ya umeme ya Quebec, na wamiliki wa Central Maine Power walilipia Hapana. NextEra, kampuni inayouza umeme kwenye soko hilohilo, ililipia Ndiyo. Ndiyo ilishinda kwa asilimia 59 hivi. Mahakama ya Juu ya Maine mwaka uliofuata ikaona kurudi nyuma kule kunaweza kuvunja haki za katiba za kampuni, na Aprili 2023 baraza la raia mahakamani (jury) likaamua kwamba kampuni ilikuwa imeshapata haki ya kuendelea. Ujenzi ukarudi.

Mpiga kura wa Lewiston aliyesoma orodha moja tu angejua msimamo, asijue mgogoro. Aliyesoma mbili alijua swali halisi: msitu wa hapa dhidi ya moshi wa New England yote, na nani aaminiwe kuhusu hesabu ya moshi huo.

Mfano wa pili ni Washington tena, mwaka 2016, pendekezo namba 732 la kodi ya kaboni. Lilitaka kuanza na dola 15 kwa kila tani ya hewa ukaa, kisha fedha zirudishwe kwa kupunguza kodi ya mauzo kwa pointi moja ya asilimia, kupunguza kodi ya viwanda na kusaidia familia za kipato kidogo. Audubon ya Washington, kundi la kuhifadhi ndege, iliunga mkono. Tawi la Sierra Club lilitoa msimamo wa "hatuungi mkono", ambao si sawa na "tunapinga". Makundi ya watu wasio Wazungu yalilalamika kwamba hayakushirikishwa kuliandika na kwamba hakuna fedha zilizotengwa kwa mitaa inayovuta moshi zaidi. Lilianguka kwa asilimia 59 hivi. Mwaka 2018 likaja namba 1631, ada ya kaboni ambayo fedha zake zingewekezwa, safari hii Sierra Club ikiwa ndani. Kampuni za mafuta zikatumia zaidi ya dola milioni 30 kulipinga, nalo likaanguka. Sheria ikapatikana bungeni mwaka 2021, na ndiyo ile iliyonusurika kwenye swali la 2117.

Ukisoma misimamo, basi, tenganisha aina zake: Ndiyo, Hapana, kutokuunga mkono, na kutokuwa na msimamo. Hizo mbili za mwisho mara nyingi zinaficha mjadala mkali ndani ya kundi. Tafuta maelezo yake.

Hatua ya 7: Maswali ya mikopo

Jimbo linapotaka kukopa huuza hati fungani, na deni hulipwa na walipa kodi pamoja na riba. Pendekezo namba 4 la California mwaka 2024 lilikuwa la dola bilioni 10: 3.8 kwa maji, 1.5 kwa kuzuia moto wa misitu, 1.2 kwa pwani, na mengine kwa mbuga, joto kali, mashamba na nishati. Wachambuzi wa jimbo walikadiria malipo ya dola milioni 400 kila mwaka kwa miaka 40, jumla bilioni 16. Angalau asilimia 40 ilitakiwa kwenda kunufaisha jamii zilizo hatarini zaidi. Sierra Club California ilisema Ndiyo, likapita.

Tawi hilohilo lilisema Hapana mwaka 2018 kwa namba 3, mkopo wa maji wa karibu dola bilioni 8.9, ingawa wahifadhi wengine kama Ducks Unlimited waliuunga mkono. Ndani yake kulikuwa na dola milioni 750 za kukarabati mfereji wa Friant-Kern unaonywesha mashamba makubwa. Kundi la mazingira linaweza kukataa fedha za maji, na ukitaka kujua kwa nini, angalia jedwali la nani anapata nini. Jedwali hilo limo katika kitabu cha mpiga kura kinachotumwa nyumbani. Usikitupe pamoja na matangazo ya pizza.

Texas mwaka 2023 walikuwa na maswali kadhaa ya fedha kwa pamoja, ingawa si ya jimbo kukopa. Namba 14, dola bilioni 1 kwa mbuga mpya za jimbo, lilipita kwa kishindo. Namba 7, la mfuko wa nishati, tawi la Sierra Club lililipinga kwa sababu mikopo yake ilielekezwa kwenye mitambo ya gesi huku betri za kuhifadhi umeme zikiachwa nje. Hilo nalo lilipita.

Hatua ya 8: Jua kiwango cha ushindi, na maana ya kuacha wazi

Kwa kawaida unaweza kuacha swali wazi na kura zako nyingine zikabaki halali. Lakini ndugu zetu wa Minnesota, ambako Wakenya ni wengi, wasikilize hapa. Marekebisho ya katiba ya jimbo hilo yanahitaji wingi wa watu wote waliopiga kura katika uchaguzi huo, si wa waliojibu swali tu. Ukiacha wazi, umepiga Hapana. Mwaka 2024 liliulizwa swali la kuendeleza hadi 2050 utaratibu wa kupeleka sehemu ya mapato ya bahati nasibu ya jimbo kwenye maziwa, misitu na wanyama. Makundi ya mazingira yalizunguka yakirudia jambo hilohilo: geuza karatasi, jibu. Likapita kwa zaidi ya robo tatu.

Colorado, marekebisho ya katiba huhitaji asilimia 55. Florida 60. Kwa hiyo kule pengo dogo la kura za Ndiyo linaangusha jambo lenye wingi wa wananchi nyuma yake.

Hatua ya 9: Andaa karatasi yako, kisha piga

Andika namba ya kila swali, jibu lako, na maneno matano ya sababu. Tumia karatasi halisi. Texas, kwa mfano, inakataza simu ndani ya futi 100 za sehemu ya kupigia kura, lakini karatasi yenye maandishi yako unaruhusiwa kuingia nayo.

Kama mama mkwe au mzee wa nyumbani ni raia lakini hasomi Kiingereza, sheria ya taifa ya haki za kupiga kura inampa haki ya kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe, mradi si mwajiri wake wala mwakilishi wa mwajiri au wa chama chake cha wafanyakazi. Mjukuu anaweza kuingia naye. Msomee swali zima, mweleze Ndiyo inafanya nini na Hapana inafanya nini, kisha mwache aamue yeye. Kumsaidia si kumpigia.

Wanaopiga kura kwa posta, kama Washington, Oregon na Colorado, wasaini bahasha kwa sahihi ileile iliyo kwenye leseni au kwenye usajili. Sahihi isipolingana, ofisi ya uchaguzi hutuma barua au kupiga simu ikitaka uirekebishe, na kura haihesabiwi mpaka ujibu. Siku zikiwa zimebaki chache, peleka bahasha kwenye kisanduku rasmi cha kura badala ya posta, kisha ingia kwenye tovuti ya uchaguzi ya jimbo lako uhakikishe imeandikwa kuwa imepokelewa.